Mkate wa Irma Vep

Swali lilikuja usiku wa tatu, tukiwa kwenye sehemu ya sita ya filamu ya zamani iitwayo Les Vampires. Tulikuwa tumekaa barazani kwa Bibi, Tanga, joto la Februari halijapungua hata baada ya isha, kompyuta yangu iko juu ya kigoda na waya wa umeme nimeupitishia dirishani. Kwenye kioo jambazi wa kike wa filamu hiyo, Irma Vep, aliyevaa nguo moja nyeusi iliyombana toka utosini hadi vidoleni alikuwa ananyata kwenye ujia wa hoteli, wageni wamelala. Bibi alikuwa ameshamtazama siku mbili. Alishamwona akijifanya mtumishi wa ndani, akiibia matajiri, akiponyoka. Sasa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akaivaa tena.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "huyu mkate wake uko wapi?"

Nilimwelewa papo hapo, kwa sababu nimelelewa na Bibi, na Bibi amelelewa na picha za Kihindi. Awaara ilitoka mwaka 1951. Picha zile zilikuwa zinarudi mjini mwaka hadi mwaka, na yeye akaiona mara nyingi mpaka akaijua kwa ghibu. Ndani yake Raj, akiwa mtoto, anaiba mkate kwa sababu mama yake yuko kitandani hoi na nyumbani hakuna chakula. Anakamatwa. Akishakuwa mtu mzima, mwizi aliyekomaa, anapewa mkate gerezani, na anaushangaa: mkate huu ningeupata nje, ndani humu ningefuata nini? Bibi hulisimulia tukio hilo na macho yake huwa mekundu. Kwake yeye mwizi wa kwenye picha lazima awe na mkate, yaani kisa, yaani pale mahali alipoonewa ambapo mtazamaji anaweza kuingia na kumsamehe. Alikuwa amemngoja Irma Vep auoneshe wake, saa baada ya saa, na haukutokea.

Sikuwa na jibu. Nikasimamisha filamu tukaenda kunywa maji.

Nieleze kwanza tulichokuwa tunatazama. Les Vampires ni filamu bubu ya Kifaransa ya sehemu kumi, iliyotengenezwa na Louis Feuillade katika kampuni ya Gaumont. Sehemu za kwanza zilitoka tarehe 13 Novemba 1915 na ya mwisho tarehe 30 Juni 1916. Ukiziunganisha unapata karibu saa saba. Hazilingani hata kidogo: ya pili ni kama robo saa tu, ya mwisho inakaribia saa nzima. Jina linadanganya, kwa sababu hakuna zimwi linalofyonza damu. Vampires ni genge la majambazi wa Paris linaloiba vito, linalotia sumu na kuteka watu, na ambalo kila kiongozi wake akifa anatokea mwingine mbaya zaidi. Anayelifuatilia ni mwandishi wa habari, Philippe Guérande, akisaidiwa na bwana mmoja mcheshi mwenye pua kubwa anayeitwa Mazamette. Irma Vep, anayechezwa na Musidora, ni mwanamke wa lile genge.

Filamu bubu zilikuwa na kadi za maandishi: watu wanafungua midomo, halafu picha inakatika na kadi inakuambia wamesema nini. Nakala niliyokuwa nayo ilikuwa na kadi za Kifaransa na tafsiri ya Kiingereza chini yake, na Bibi husoma Kiswahili na Kiarabu cha msahafu. Basi kazi ya kusoma ikawa yangu. Nikisoma kadi naongezea na yale yasiyoandikwa, nani anaogopa, nani anasema uongo, kama wafanyavyo wasimuliaji wa filamu zilizotafsiriwa.

Kazi hiyo niliijua vizuri kuliko Bibi alivyodhani. Mtaani kwetu nilipokuwa mdogo kulikuwa na kibanda umiza, banda la mabati lenye mabenchi na televisheni moja, na filamu za Kichina na za Kimarekani zilizowekewa sauti ya msimuliaji wa Kiswahili. Wasichana hatukuwa tunaingia. Hakukuwa na katazo lililobandikwa mlangoni. Ilitosha kwamba ndani kumejaa wanaume na kwamba kaka zetu wangepeleka habari nyumbani. Tukawa tunasimama nje na masikio kwenye bati, tunasikia steringi anaruka ukuta, adui anakula kichapo, watu wanapiga mayowe. Nimezijua filamu nyingi namna hiyo, kwa sauti bila picha. Hii ikanijia picha bila sauti, na mimi nikiwa ndiye msimuliaji. Sijui kama naweza kueleza furaha niliyokuwa nayo kwenye ile baraza.

"Steringi ni nani hapa?" Bibi aliuliza usiku wa kwanza.

Nikamwonesha Guérande.

"Huyu? Mbona kila akigeuka anatiwa kifungoni?"

Alikuwa na haki. Guérande anatekwa, anafungwa kamba, anafungiwa sandukuni, na anaokolewa zaidi kuliko anavyookoa. Ni kijana nadhifu, ana mama mzuri nyumbani, na ukifumba macho baada ya sehemu nzima huwezi kuukumbuka uso wake. Irma Vep hatokei kabisa katika sehemu mbili za kwanza. Anaingia katika ya tatu, kwenye kilabu cha usiku anakoimba, na kabla hatujamwona yeye tunaliona jina lake kwenye tangazo nje ya mlango. Guérande amesimama analisoma. Ghafla herufi zinaanza kuhama kwenye karatasi, moja inapanda, nyingine inapita chini ya mwenzake, na Irma Vep inageuka kuwa Vampire. Mwaka 1915 wamefanya hivyo, kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Bibi alinishika mkono nirudishe nyuma aone tena.

Kuanzia hapo filamu ni ya Irma. Sizungumzii uzuri wake, ingawa ana macho makubwa yaliyopakwa wanja mzito ambayo hata kwenye nakala chakavu yanaonekana toka mbali. Nazungumzia kazi. Viongozi wa genge wanakaa mezani wakipanga. Anayepanda paa ni yeye. Anayeingia nyumba ya watu kama mtumishi ni yeye. Katika sehemu ya sita kiongozi wa genge anafika hotelini kwenye msitu wa Fontainebleau akijiita mheshimiwa wa ukoo bora, na Irma amefuatana naye akiwa amevaa suti, nywele zimebanwa, kama mtoto wake wa kiume. Anakaa kwenye kiti kama kijana wa kitajiri aliyechoshwa na maisha. Kisha usiku unaingia, suti inavuliwa, nguo nyeusi inavaliwa.

Nguo hiyo ndiyo iliyomfanya Bibi acheke kwa mara ya kwanza. "Kavaa ninja," akasema. Na kweli, kama niqabu, yamebaki macho tu. Ila baibui na niqabu vinafanya mwili usahaulike, na nguo ya Irma inafanya kinyume chake: uso unapotea, mwili wote unabaki kuwa ndio unaosema. Kwa filamu isiyo na sauti huo ulikuwa uamuzi wa akili nyingi. Feuillade hakuwa mtu wa kuchezesha kamera. Aliisimamisha mahali pamoja, akaiacha, na watu wakaingia na kutoka kama kwenye jukwaa refu lenye milango nyuma. Mbele ya kamera isiyotikisika, Musidora anapita kando ya ukuta wa ujia ule bila haraka, kama fundi anayekwenda kazini. Hana woga wala tambo. Hajui kwamba Moréno, jambazi wa genge pinzani, yuko hoteli hiyohiyo, na kwamba muda si mrefu atamziba pua kwa dawa ya usingizi na kumtumia mtumishi wake mwenyewe aliyevaa vazi kama lile ili kazi iishie mikononi mwake. Irma anaibiwa wizi wake.

Hapo ndipo Bibi aliponiuliza kuhusu mkate.

Nikalala na swali hilo, na asubuhi nikaanza kuutafuta mkate huo Paris. Kwa sababu majambazi wa Feuillade hawakutoka hewani. Tarehe 21 Desemba 1911, mtaa wa Ordener, watu wachache walimpiga risasi tarishi wa benki mchana kweupe, wakachukua fedha na kukimbia kwa gari. Ndilo genge la Bonnot, na Paris ilikuwa haijawahi kuona majambazi wenye gari wakati baadhi ya polisi bado wako juu ya baiskeli. Bonnot mwenyewe aliuawa Aprili 1912 baada ya kuzingirwa. Watu wale walikuwa wanaanakisti, yaani watu wasiotaka serikali yoyote. Walikuwa na hoja yao kuhusu tajiri na maskini, iwe sahihi au si sahihi. Walikuwa na mkate. Feuillade akachukua magari yao, mapaa yao, hofu yao, akauacha mkate. Genge lake halidai chochote. Katika sehemu ya tano linawaalika wakubwa wa Paris kwenye karamu, linafunga milango na kuwamwagia gesi ya usingizi, na wakishalala linawavua mikufu shingoni mmoja mmoja. Hakuna anayehutubia.

Paris yenyewe ilikuwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Feuillade aliitwa jeshini mwaka 1915 kisha akaachiwa kwa sababu ya afya, na wanaume wengi wa studio hawakuwepo. Mitaa unayoiona nyuma ya Irma ni mitaa ya kweli, na ni mitupu. Tarehe 21 Februari 1916 mapigano ya Verdun yalianza. Sehemu ya tano ilikuwa imetoka karibu mwezi mmoja kabla, nyingine tano zilitoka wakati mauaji yanaendelea. Ile ya mwisho ilioneshwa tarehe 30 Juni, siku moja kabla ya mapigano ya Somme. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyowasomba wapagazi wa kwetu na kutuachia jina la Kariakoo. Kwa hiyo ninapojaribu kuwaona watazamaji wa Irma Vep, nawaona wanawake wengi. Wametoka viwanda vya risasi, wametoka kuendesha tramu, wamefanya kazi ambazo miaka miwili nyuma waliambiwa hawaziwezi, wamekaa gizani wanamtazama mwanamke anayefanya kazi ya mwanaume vizuri kuliko mwanaume. Hakuna anayewaeleza ni kwa nini anaiweza, na nadhani hawakuhitaji kuelezwa.

Serikali haikufurahi. Mkuu wa polisi wa Paris aliizuia filamu kwa muda kwa madai kwamba inawatukuza wahalifu, na inasimuliwa kuwa Musidora alikwenda kumwona yeye mwenyewe ndipo zuio likaondolewa.

Lakini mkate nilikuja kuupata, na niliupata ndani ya filamu yenyewe, mahali ambapo nilikuwa nimeshapita. Upo kwenye sehemu ya kwanza kabisa. Mazamette, yule mcheshi, anaanza akiwa mwizi! Anafanya kazi gazetini pamoja na Guérande, na amemwibia faili lake la siri kuhusu genge. Anakamatwa nalo. Anapiga magoti, anajitetea kwa watoto wake wanaohitaji kula, na Guérande anamsamehe palepale. Toka hapo Mazamette ni mtu wetu. Anatukonyeza kwenye kamera, anatuchekesha, anapata zawadi nono kwa kuwanasa majambazi, anakuwa tajiri, anavaa kofia ndefu, na mwisho anachumbia.

Nilimkimbilia Bibi jikoni na habari hiyo kama mtu aliyeokota pesa. Feuillade aliujua mkate! Alikuwa nao mfukoni toka mwanzo, akampa Mazamette, na Mazamette akanunua nao msamaha, utajiri na mke. Irma hakupewa. Hakupewa mama mgonjwa, hakupewa mume aliyemtelekeza, hakupewa hata utoto. Tunamkuta jukwaani anaimba na hatuambiwi katokea wapi.

"Basi wamemwonea," Bibi akasema, akiendelea kukuna nazi.

Mimi sikuona hivyo, na bado sioni hivyo, na hili ndilo lililonifanya niandike. Nimetazama tamthilia zetu na za wenzetu kwa miaka, na mwanamke mhalifu ndani yake siku zote anabebeshwa kisa. Alibakwa, aliachwa, alidhulumiwa urithi. Visa hivyo ni vya kweli katika maisha, sivibezi. Ila kwenye skrini vimekuwa kama kibali: mwanamke hawezi kuwa hodari, hatari na mkimya mpaka kwanza atuoneshe kidonda. Mwanaume haombwi kidonda. Huyohuyo Feuillade mwaka 1913 na 1914 alitengeneza filamu tano za Fantômas, jambazi wa kiume mwenye sura mia, na hakuna aliyetaka kujua Fantômas alinyimwa nini utotoni. Irma Vep ni mwanamke wa kwanza niliyemwona anayepewa heshima hiyohiyo ya kutoulizwa. Anaiba kwa sababu anajua kuiba. Kuna uhuru ndani yake ambao Raj wa Awaara hana, kwa sababu Raj anabeba ule mkate mpaka mwisho na hautui.

Bibi hakukubali. Alisema mtu asiye na njaa akaiba ana roho mbaya tu, iwe mwanamke, iwe mwanaume. Tukabishana mpaka wali ukaiva.

Usiku huo tulitazama sehemu ya nane, ambayo naipenda kuliko zote baada ya ile ya hotelini. Irma amehukumiwa, anapelekwa kifungoni Algeria kwa meli. Satanas, kiongozi mpya wa genge, anaona afadhali meli ilipuliwe kuliko Irma apelekwe, akamtumia ujumbe wa siri ajiandae, kisha akaipiga meli kwa mzinga wake. Tunadhani kafa. Halafu anatokea kituo cha reli, mchafu, nguo zimechanika, amejificha chini ya behewa njia nzima. Wafanyakazi wa reli wanamwonea huruma, naye anawapa wanachokitaka: hadithi ya mapenzi yaliyomwendea vibaya. Wanaamini. Wanamsaidia aende zake.

Niliposoma kadi ile nilinyamaza, kwa sababu ndiyo hiyo. Mara hii moja tu Irma anaonesha mkate, na ni wa bandia. Anajua kabisa kwamba ulimwengu hautamruhusu apite bila kisa, basi anatunga kimoja, anakitumia kama funguo bandia, anakitupa.

Bibi alipiga makofi. Kupiga makofi kwa ujanja si sawa na kusamehe, najua, lakini alipiga.

Sehemu ya kumi sikupenda kuisoma. Irma anaolewa na Vénénos, mtengeneza sumu, kiongozi wa mwisho. Katikati ya sherehe polisi wanavamia. Wenzake wanakwisha. Yeye anakimbilia chumba walikofungiwa mke wa Guérande na mwanamke mwingine, anakusudia kuwaua, na mke wa Guérande anampiga risasi. Anaanguka. Baada ya Fantômas kuponyoka mara zote tano, baada ya Mazamette kusamehewa katika dakika za mwanzo, huyu anaangushwa kwa risasi moja na filamu inageukia habari za uchumba. Nina hasira nayo mpaka leo, hasira ya kweli. Kwenye kibanda umiza kila mtoto alijua kwamba steringi hafi. Hata sisi wa nje ya bati tulijua.

Labda ndiyo sababu nilimfuata Musidora baada ya hapo, nione yeye aliishia wapi. Jina lake la kuzaliwa ni Jeanne Roques, alizaliwa Paris mwaka 1889, baba yake mtunzi wa muziki, mama yake mtetezi wa haki za wanawake. Jina Musidora alilitoa kwenye riwaya ya Théophile Gautier. Matendo mengi ya hatari kwenye filamu aliyafanya yeye mwenyewe. Baada ya Feuillade hakukaa kungoja kupangiwa: aliongoza filamu zake, Vicenta mwaka 1919, kisha akaenda Hispania akaongoza nyingine huko, Sol y sombra mwaka 1922 na La Tierra de los toros mwaka 1924. Sauti ilipoingia kwenye sinema yeye alikuwa ameshatoka. Miaka ya mwisho alifanya kazi Cinémathèque française, mahali ambapo filamu za zamani zilikuwa zinakusanywa na kuokolewa zisioze, na mara nyingine alikaa kwenye dirisha la tiketi. Watu walikuwa wanampa pesa, wanachukua tiketi, wanaingia, na wachache walijua kwamba yule mama mtu mzima aliyewahesabia chenji huenda ndiye watakayemwona ndani akipanda paa. Alifariki Desemba 1957. Les Vampires ilirejeshwa upya mwaka 1996 chini ya usimamizi wa mjukuu wa Feuillade, Jacques Champreux, na kutokana na kazi hiyo mimi na Bibi tuliweza kuitazama Tanga.

Nilimsimulia Bibi yote hayo siku ya kuondoka, begi liko mlangoni. Habari ya dirisha la tiketi ilimgusa. Alitaka kujua kama alikuwa na watoto wa kumtunza. Nikamwambia alikuwa naye mmoja wa kiume. Akatikisa kichwa, akakaa kimya. Gari langu la Dar lilikuwa la saa nane, na bado tulikuwa na kama saa moja.

"Hebu niwekee ile ya hotelini," akasema. "Pale anapotembea peke yake."

Nikarudisha kigoda barazani, nikafungua kompyuta.

"Na mara hii," akasema, "usinisomee kitu."